Njia Tano, Wimbo Mmoja: Kuanza Kutunga Muziki kwa Laptopu ya Kikundi



Katika vikundi vingi tunavyovitembelea siku hizi tunakuta laptopu moja. Wengine wameinunua ikiwa imeshatumika, kwa pesa za mzunguko. Wengine wamepewa. Kazi yake ni kuweka hesabu za akiba na mikopo na kuandika barua, basi. Kazi hiyo ikiisha inafungiwa kabatini kwa mweka hazina mpaka mkutano ujao.

Somo letu la leo ni juu ya kazi nyingine ambayo laptopu hiyo hiyo, hata ikiwa kuukuu, inaweza kufanya: kutunga muziki. Tutaeleza tulivyojifunza pamoja na kikundi kimoja, na tutawapa hatua moja baada ya nyingine ili nanyi mjaribu.

Jambo lilivyoanza

Vijana wa kikundi hicho huigiza michezo mifupi kwenye baraza na siku za masoko, wakifundisha watu kuhusu maji safi na malaria. Walitaka wimbo wa kufungulia mchezo. Kikundi kilichanga pesa, wakalipa sehemu ya kwanza kwa mtu wa studio mjini. Wimbo haukuja. Pesa hazikurudi. Tangu siku hiyo, kijana akitaja neno muziki mkutanoni, wazee wanatazama chini.

Kwa hiyo vijana walipouliza kama wanaweza kutumia laptopu kutunga wimbo wao wenyewe, mama mweka hazina alijibu kwa swali moja: "Na hesabu za watu zikipotea?" Lilikuwa swali la haki. Tuliketi tukakubaliana tujaribu kwa mwezi mmoja, bila kutoa shilingi ya kikundi, na hesabu zilindwe kwanza.

Chiptuni ni nini?

Wale waliokuwa watoto miaka ya 1980 na 1990 huenda wanakumbuka michezo ya kuchomeka kwenye TV, na ule muziki wake wa kulia pi-pi-pi. Muziki huo siku hizi huitwa chiptuni. Jina linatokana na chipu, kile kipande kidogo cha elektroniki kilichotengeneza sauti ndani ya mashine.

Mashine moja iliyojulikana sana ilitengenezwa na Nintendo huko Japani na ikaanza kuuzwa mwaka 1983. Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo mno. Mchezo wa Super Mario Bros. wa mwaka 1985 uliingia wote, picha na muziki, katika kilobaiti 40. Picha moja mnayopiga kwa simu leo inazidi hapo mara nyingi. Hapakuwa na nafasi ya kurekodi waimbaji wala magitaa. Mtunzi wake, Koji Kondo, alikuwa na njia tano tu za sauti. Ilibidi kila noti ifanye kazi. Hata hivyo muziki ule unakumbukwa mpaka leo.

Hapo ndipo tulipoona kwamba jambo hili linatufaa. Mwenye kidogo akikipanga vizuri, kinatosha. Vikundi vyetu vinalijua hilo: haba na haba hujaza kibaba.

Traka ni nini?

Traka ni programu ya kuandikia muziki wa namna hii. Mwaka 1987 Mjerumani mmoja, Karsten Obarski, alitoa programu iliyoitwa Ultimate Soundtracker kwa kompyuta za Amiga, na traka nyingi zilizokuja baadaye zilifuata mfano wake.

Fikirini daftari la mweka hazina. Kuna mistari kutoka juu kwenda chini, na nguzo zilizosimama kando kwa kando. Traka ni hivyo hivyo. Kila nguzo ni njia moja ya sauti. Kila mstari ni kipande kidogo cha wakati. Ukicheza wimbo, kompyuta inasoma mistari kutoka juu kwenda chini, na noti zilizo kwenye mstari mmoja zinalia pamoja. Mama mweka hazina alipoona hivyo alisema, "Kumbe ni leja!" Naam, ni leja ya sauti.

Mnahitaji nini?

1. Laptopu ya Windows, hata ya zamani. Sisi tulitumia FamiTracker, ambayo inaiga ile chipu ya Nintendo. Haiuzwi, hutolewa bure, na ni ndogo. Wenye kompyuta ya Linux au Mac wanaweza kutumia Furnace au MilkyTracker, nazo ni za bure. Vitufe vyake vinatofautiana kidogo, lakini mpango ni ule ule.

2. Visikilizio vya masikioni, au redio yenye tundu la waya wa sauti. Spika ndogo za laptopu hazitoi besi vizuri. Sisi tulipoteza jioni nzima tukidhani besi imeharibika, kumbe ilikuwa inalia bila kusikika.

3. Flashi ya kuwekea nakala.

4. Mtu mmoja anayejua do-re-mi. Huyu ni muhimu kuliko anayejua kompyuta.

Lindeni hesabu kwanza

Kabla ya kuweka programu yoyote, fanyeni mambo matatu. Nakilini hesabu zote kwenye flashi, na flashi hiyo ikae kwa mweka hazina, si pamoja na laptopu. Fungueni akaunti mbili ndani ya Windows, moja ya hesabu yenye neno la siri, na nyingine ya vijana. Tena, pateni programu kwa watengenezaji wake, si kutoka kwenye flashi inayozunguka sokoni, maana flashi hizo hubeba virusi.

Hatua ya kwanza: Kujua njia tano

Mkifungua FamiTracker mtaona nguzo tano zenye majina Pulse 1, Pulse 2, Triangle, Noise na DPCM. Sisi tuliwagawia watu kazi, kama kwaya inavyogawa sauti:

Pulse 1 ni ya kuongoza. Sauti yake ni kali, inabeba wimbo wenyewe.

Pulse 2 ni ya kuitikia na kujaza katikati.

Triangle ni besi. Ni laini. Njia hii haina kupunguza wala kuongeza sauti, inalia au inanyamaza.

Noise ni vuma la hewa, kama kayamba. Hapa ndipo mdundo unapokaa.

DPCM ni ya vipande vifupi vilivyorekodiwa. Wanaoanza waiache tupu.

Hatua ya pili: Do-re-mi kwenye vitufe

Kibodi ya laptopu inageuka kuwa kinanda. Andikeni hii kwenye karatasi, muibandike ukutani:

Kitufe Z ni do, X ni re, C ni mi, V ni fa, B ni so, N ni la, M ni ti.

Kwa oktava ya juu: Q ni do, W ni re, E ni mi, R ni fa, T ni so, Y ni la, U ni ti.

Msichanganye vitufe na majina yanayotokea kwenye kioo. Mkibonyeza Z kioo kitaandika C-3, maana wazungu huiita noti hiyo C, na 3 ni oktava. Msijali. Shikeni do-re-mi yenu.

Ikiwa orodha ya ala iliyo juu haina kitu, ongezeni ala mpya. Bila ala noti hazilii. Bonyezeni kitufe kirefu cha nafasi ili muanze kuandika. Mstari mliopo utabadilika rangi. Kitufe cha Enter kinacheza wimbo, na mkikibonyeza tena kinausimamisha. Mkikosea, Ctrl pamoja na Z inarudisha nyuma.

Hatua ya tatu: Kuhesabu kwa kumi na sita

Hapa wengi wetu tulikwama. Traka haihesabu mpaka tisa halafu kumi. Baada ya 9 inaendelea na A, B, C, D, E, F, ndipo inaandika 10. Kwa hiyo A ni kumi, B ni kumi na moja, C ni kumi na mbili, mpaka F ambayo ni kumi na tano. Na ile 10 ya traka ni kumi na sita yetu.

Kwa kawaida pigo moja la wimbo huchukua mistari minne. Mapigo manne ya kwanza basi yako kwenye mstari 00, 04, 08 na 0C. Manne yanayofuata yako 10, 14, 18 na 1C. Ukurasa mmoja una mistari 64, yaani mapigo 16.

Ili msihesabu kwa kidole, wekeni 4 kwenye kisanduku chenye neno Step. Kila mkiandika noti, programu itaruka yenyewe mistari minne.

Hatua ya nne: Wimbo wa kwanza

Andikeni hivi kwenye Pulse 1, noti moja kwa kila pigo:

Kuanzia mstari 00: do, mi, so, mi (Z, C, B, C).
Kuanzia mstari 10: re, fa, la, fa (X, V, N, V).
Kuanzia mstari 20: so, ti, re ya juu, ti (B, M, W, M).
Kuanzia mstari 30: do ya juu, so, mi, do (Q, B, C, Z).

Bonyezeni Enter msikilize. Ikiwa unakimbia sana, angalieni kisanduku cha Tempo. Kwa kawaida ni 150, yaani mapigo 150 kwa dakika. Kikifanywa 100, watu wataweza kuimba wakipumua.

Sasa besi. Wekeni Step iwe 8, nendeni kwenye Triangle mstari 00, muandike: do, so, re, la, so, re, do, do.

Hatua ya tano: Mtu mmoja kuimba kwa watatu

Njia moja ya Pulse haiwezi kutoa noti tatu kwa pamoja. Watunzi wa zamani walipata ujanja. Walifanya noti moja irukeruke kati ya noti tatu kwa kasi kubwa mpaka sikio linazisikia kama zimelia pamoja.

Kwenye Pulse 2, mstari 00, andikeni do. Halafu sogeeni kulia kwenye njia hiyo hiyo mpaka nafasi tatu za mwisho, muandike 047. Maana yake ni hii: noti yenyewe, kisha noti iliyo nusu-hatua nne juu yake, kisha iliyo nusu-hatua saba juu. Hizo ni do, mi na so. Kwenye mstari 10 andikeni re na 037, mtapata re, fa na la. Mstari 20, so na 047. Mstari 30, do na 047. Ile 047 huchangamka, na 037 ina huzuni kidogo.

Hatua ya sita: Mdundo

Ongezeni ala ya pili, itaitwa 01. Bonyezeni jina lake mara mbili, dirisha litafunguka. Wekeni alama kwenye Volume, na kwenye kisanduku cha chini muandike 15 10 6 3 1 0, kisha Enter. Mmeiambia sauti ianze kwa nguvu na ife upesi, kama kofi. Bila hivyo, Noise itavuma bila kukoma kama mvua kwenye mabati.

Ala 01 ikiwa imechaguliwa, nendeni kwenye Noise mstari 04. Step ikiwa bado 8, bonyezeni kitufe kimoja mara nane mpaka mwisho wa ukurasa. Jaribuni vitufe tofauti: kimoja kitalia kama kayamba, kingine kama ngoma iliyofunikwa na blanketi.

Neno moja kuhusu midundo yetu. Traka zilipangwa kwa mapigo ya nne nne, lakini nyimbo nyingi za kwetu, chakacha ya Pwani ikiwa mojawapo, huenda kwa sita. Msilazimishe wimbo wenu kuvaa kiatu kisicho chake. Fanyeni ukurasa uwe na mistari 48, muweke pigo kubwa kila baada ya mistari 6. Hapo mtapata mizunguko minne ya mapigo sita, na kila pigo dogo litachukua mistari miwili.

Yaliyotupata

Wiki ya pili, stima ilipotea saa mbili usiku. Betri ya laptopu ile ilikuwa imekufa zamani. Vijana walikuwa wameandika kurasa nne, na hakuna aliyekumbuka kuhifadhi. Zote zikaenda. Kijana aliyekuwa kwenye kibodi alitoka nje akakaa gizani. Tulijua anawaza nini: mara ya pili wameaibika.

Asubuhi mama mweka hazina alifungua akaunti yake. Hesabu zote zilikuwepo. Tulitegemea angesema laptopu irudi kabatini. Badala yake alikata karatasi, akaandika kwa kalamu nene, CTRL NA S KILA UKURASA, akaibandika juu ya kioo. Akasema, "Pesa za studio zilienda na mtu. Hizi zimeenda na stima. Andikeni tena, safari hii mnajua njia."

Waliandika upya kwa siku mbili, na ilikuwa bora kuliko ya kwanza.

Jambo lingine. Walipomaliza, waliona wimbo umejaa lakini haupendezi, wasijue kwa nini. Mama huyo, ambaye ameimba alto miaka mingi, alisikiliza mara moja tu. "Ya pili inapigana na ya kwanza," akasema. "Zote ziko mahali pamoja." Walishusha Pulse 2 oktava moja, wimbo ukafunguka. Hajui jina la kitufe hata kimoja. Lakini sikio lake lilikuwa mwalimu.

Kutoa wimbo nje

Faili ya kazi ni ndogo sana, mara nyingi kilobaiti chache tu. Ili wimbo uchezwe kwenye redio au simu, fungueni menyu ya File mchague Create WAV. Dakika moja huchukua takribani megabaiti 5, kwa hiyo mkitaka kuutuma kwa simu, ugeuzeni kwanza uwe MP3. Msifute faili ya kazi. Hiyo ndiyo mbegu. WAV ni unga. Unga haupandwi.

Na tungeni wimbo wenu. Kunakili wimbo wa mwimbaji wa redio na kuutoa kama wenu ni kuchukua mali ya mtu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda yeye, na inawalinda ninyi pia. Andikeni kwenye kumbukumbu za mkutano ni nani walitunga, tarehe, na kwamba wimbo ni wa kikundi au ni wa mtu. Mkiandika mapema hamtagombana baadaye.

Mwisho wa mwezi

Siku ya soko, mchezo wa maji ulifunguliwa kwa wimbo wa sekunde arobaini, ukitoka kwenye redio moja. Watoto walicheka ule mlio wa pi-pi-pi, kisha wakakaa kimya kusikiliza. Mzee mmoja aliyekuwa amepoteza mchango wake kwa yule mtu wa studio aliuliza, "Huu ni wa nani?" Akaambiwa, "Ni wetu." Akauliza tena, "Umegharimu nini?" Akaambiwa, "Stima ya jioni chache."

Mkutano uliofuata, vijana waliruhusiwa laptopu jioni mbili kwa wiki. Ruhusa hiyo iliandikwa kitabuni na mama mweka hazina mwenyewe.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Laptopu au simu ya kikundi chetu hufanya kazi saa ngapi kwa wiki? Saa nyingine hukaa bure?

2. Hesabu zetu zina nakala? Iko kwa nani leo?

3. Nani kati yetu anajua do-re-mi lakini hajawahi kuulizwa?

4. Tukitunga wimbo, utakuwa mali ya nani? Tutaandika wapi?

5. Kuna kazi ambayo tuliwahi kuilipia nje tukadanganywa? Tunaweza kujifunza sehemu yake wenyewe?

Zoezi

Kabla ya mkutano ujao, andikeni ukurasa mmoja tu wa mistari 64, kila njia na mtu wake: wa kuongoza, wa kuitikia, wa besi na wa mdundo. Sikilizeni kila njia peke yake. Mtaona kila moja ni nyembamba, karibu haina maana. Kisha zichezeni pamoja.

Tunawatakia kazi njema. Na tafadhali, Ctrl na S.